Mtu wa Kwenye Kioo cha Kabati

Siku ya tatu tangu simu ile izinduliwe, nilikuwa nimechoka mpaka kope zilikuwa zinaniuma. Na sikuwa peke yangu. Pale gazetini watu wote walikuwa wakijikokota, maana tangu Jumatatu hakukuwa na habari nyingine duniani ila simu. Foleni mbele ya duka, habari. Mtu wa kwanza kwenye foleni, habari. Mtu wa mwisho aliyekuta zimekwisha akaangua kilio, habari kubwa zaidi, akapewa ukurasa wa mbele na picha yake. Redioni walikuwa wakibishana tangu alfajiri kama ile ni kamera au darubini. Mtandaoni watu waliapa kwa majina ya mama zao kwamba hawainunui, na kesho yake ukawaona hao hao wamesimama mbele ya kioo wanajipiga nayo picha.

Mimi ndiye dawati la teknolojia. Sisemi kwa kujisifu. Dawati lenyewe ni meza moja na mimi. Kazi yangu ni kupewa simu siku chache kabla ya watu wengine, kukaa nayo, halafu kuandika uchambuzi: betri inadumu saa ngapi, inapata moto kiasi gani, kamera inaona nini. Niliandika kwamba betri yake ni ya kawaida tu, umbo lake halina jipya, na kamera yake sijapata kuona mfano wake. Nikaweka na picha nilizopiga. Katika kazi yetu picha za mfano hazikatwi, hazipunguzwi wala hazipakwi rangi. Zinawekwa nzima kama zilivyotoka kwenye simu, ili msomaji ajionee mwenyewe. Ndiyo sheria, nami ni mtu wa sheria. Nilishawahi kumnunia mwenzangu wa gazeti jingine juma zima kwa sababu alikata pembe ya picha.

Picha ya nne ilikuwa ya kabati la vyombo la sebuleni kwangu. Nilikuwa nimeipiga Jumapili mchana, jua likiingia dirishani: vikombe vyenye maua, sahani, mlango wa kioo. Chini yake nikaandika kwa mbwembwe, "Vuta picha uone ufa mwembamba kwenye kikombe cha tatu. Endelea kuvuta."

Wasomaji wakavuta. Wakauona ufa. Wakaendelea kuvuta, si nimewaambia waendelee? Wakafika kwenye mlango wa kioo, na ndani ya kioo wakamkuta mwanamume amelala kitini, mdomo wazi, viatu amevua, kitambulisho cha kazi kinaning'inia shingoni. Nilikuwa nimeitazama picha ile mara kumi na sikumwona, kwa sababu macho yangu yote yalikuwa kwenye kikombe. Na kamera ile, pamoja na sifa zote nilizoimwagia, ilikuwa nzuri kiasi kwamba jina lake lilisomeka, ingawa kinyumenyume.

Alikuwa msemaji wa kampuni yenye simu.

Kufika Jumanne jioni walikuwa wameshatubatiza. Yeye Bwana Kioo, mimi Dada Vuta. Mtangazaji wa asubuhi alisema uchambuzi wangu umetoa nyota tano kwa shemeji. Kinyozi mmoja alibandika mlangoni kwake, "Karibu usinzie, hapa hatupigi picha," na picha ya mlango huo ikasambaa kuliko picha ya simu. Kampuni shindani nayo ikatoa tangazo lenye maneno machache: "Simu yetu inaheshimu waliolala." Nilicheka lile la kinyozi. Kisha nikaingia chooni nikalia, nikanawa uso, nikarudi kwenye meza yangu.

Walisema nimehongwa kwa mapenzi. Hilo ndilo lililoniuma, kwa sababu yule mtu hakuwahi kuniomba neno hata moja zuri kuhusu simu yoyote. Tulikuwa na miaka miwili pamoja na tulikubaliana tangu mwanzo: kazi inaishia mlangoni. Jumapili ile alikuja hajalala siku tatu kwa ajili ya maandalizi, akakaa kitini, akaniambia, "Nipe dakika tano," akazama. Mimi nikamwacha alale, nikaendelea na vikombe vyangu.

Tulikuwa tumejificha. Mwanzoni kwa sababu ya kazi, baadaye kwa sababu ya shangazi yake. Huyo shangazi ndiye aliyemlea tangu akiwa mtoto wa miaka minne, na siku moja, akizungumzia mwanamke mwingine kabisa, alitamka kwamba mtoto wake hataoa mwanamke aliyeachika akarudi na mtoto mkononi. Mimi ni mwanamke aliyeachika akarudi na mtoto mkononi. Binti yangu ana miaka tisa. Kila nilipouliza lini atamwambia shangazi, jibu lilikuwa moja. "Baada ya uzinduzi." Uzinduzi ukapita, ukaja mwingine.

Jumatano asubuhi, kabla sijavua mkoba begani, mama alipiga simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Jirani ameniletea picha hapa. Huyu aliyelala kwenye kiti cha marehemu baba yako ni nani?"

Nchi nzima ilikuwa imeona sura na kitambulisho. Mama yangu aliona kiti.

"Ni mtu wa kazini, mama."

"Wa kazini, na viatu kavua?"

Nikavua mkoba, nikauweka mezani.

"Sikuulizi kwa ubaya. Wewe si msichana wa shule, una mtoto na una akili zako. Nauliza kwa sababu ule usingizi si wa mgeni. Mgeni halali akaachama namna ile. Huyo amekizoea kiti. Sasa mbona mimi simjui? Kwangu amewahi kufika?"

"Hajafika, mama."

"Njia haijui, au miguu hana?"

"Ana mambo mengi, mama. Kazi."

"Haya." Nilimsikia akihema. "Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, hilo mimi silaumu. Ila anayekohoa huku akisingizia vumbi, huyo mwogope. Umekunywa chai?"

"Nitakunywa."

"Kunywa sasa hivi nikikusikia."

Nikanywa chai nikiwa nimesimama, mama akisikiliza upande wa pili, machozi yakichuruzika kimya kimya ndani ya kikombe.

Saa nne mhariri mkuu aliniita. Ni mtu mzima mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani, na siku zote anaitafuta ile ya kichwani. Alinionyesha kiti.

"Mama, keti. Kampuni wameitisha mkutano na waandishi leo saa kumi. Watatoa tamko. Wakisema hakuna kitu kati yenu, na wewe kesho asubuhi ukaniambia vivyo hivyo, nitasimama na wewe na dawati lako linabaki. Wakisema kipo, au wewe ukisema kipo, nakutoa kwenye dawati. Ile sheria ya kutangaza undugu na urafiki uliiandika wewe."

"Naikumbuka."

"Na ukweli ni upi, hilo leo sikuulizi. Nitakuuliza kesho." Akapapasa mezani. "Miwani yangu iko wapi?"

"Kichwani, mzee."

Alinishukuru, akainamia karatasi zake. Naye alikuwa amechoka. Chai yake ilikuwa imeota utando.

Saa saba na nusu nikapata ujumbe wa msemaji mwenyewe. Yuko kwenye ngazi za nyuma. Nilishuka nikamvuta mkono, nikamwingiza kwenye chumba cha kurekodia sauti, kile chenye sponji kuta zote, ambako ukifunga mlango hata kelele za mitambo ya uchapaji hazisikiki. Kuna kiti kimoja tu mle ndani. Nikampa kiti, mimi nikakaa juu ya sanduku la nyaya.

Macho yake yalikuwa mekundu. Shati lilikuwa la jana, kola imekunjika upande mmoja, na mkono wangu ulikuwa umeshafika pale kwenye kola kabla sijauzuia. Nilimpenda mtu yule. Niseme wazi, kwa sababu baada ya siku ile wengi walisema sikumpenda. Nilimpenda mpaka nikimwona amechoka, uchovu ule ulikuwa unahamia kwangu.

"Umekula?" niliuliza.

"Nilikula. Jana au leo, sikumbuki."

"Wamesemaje ofisini kwenu?"

"Wamesema niandike tamko." Alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. "Nani mwingine ataandika? Matamko yote naandika mimi. Hata siku ya kunifukuza watanipa nijiandikie."

"Na shangazi?"

"Ameiona picha. Hajasema kitu tangu jana. Unamjua akinyamaza."

"Simjui. Sijawahi kumwona."

Aliangalia viatu vyake. Kisha akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne kwenye mfuko wa shati.

"Nimekuja kukusomea wewe kwanza. Sikutaka uisikie kwenye runinga kama watu baki."

"Soma."

Akakohoa kidogo, kama afanyavyo mbele ya vipaza sauti. "'Kampuni imeiona picha inayosambazwa mitandaoni. Msemaji wetu alikuwa katika eneo hilo kwa shughuli za kikazi, katika shughuli ya kumkabidhi mwandishi simu ya majaribio, kwa mujibu wa shughuli za...'"

"Shughuli tatu kwenye sentensi moja," nilisema. "Unaandika tamko au unaandika harusi?"

Akacheka. Kile kicheko chake cha kweli, cha puani. Akachomoa kalamu, akakata shughuli mbili.

"Na 'eneo hilo' ndiyo nini?" niliendelea. "Eneo la ajali? Watu wameona ni sebule, wameona na vikombe. Ukiwaficha sebule watakutafutia chumba. Andika 'nyumbani kwa mwandishi' uishe."

"'Nyumbani kwa mwandishi.' Sawa. Hapa je? 'Alipitiwa na usingizi kutokana na uchovu wa maandalizi.'"

"Hiyo iache. Hiyo ni kweli."

"Naweka 'uchovu mkubwa'?"

"Uchovu unatosha. Ukiongeza 'mkubwa' wataona unajitetea."

Sijui ilikuwaje, nikajikuta nimesimama nyuma ya kiti, kidevu changu karibu na bega lake, kidole changu kikifuata mistari. Ndivyo tulivyokuwa tukifanya miaka yote miwili. Yeye alikuwa ananisomea hotuba za mabosi wake, mimi namwonyesha palipopinda. Tulipendana kwa njia hiyo kuliko kwa maua. Kwa dakika kadhaa tukasahau kabisa kilichoandikwa pale, tukawa watu wawili wenye karatasi.

Kisha akafika mstari wa mwisho, akausoma polepole.

"'Msemaji na mwandishi hawafahamiani nje ya kazi.'"

Kidole changu kikasimama chini ya mstari ule.

"Huo utakuumbua," nilisema. "Muuza duka wa chini ya nyumba yangu anakujua, anakupa na sukari kabla hujaomba. Mwanangu anakujua. Njia ya mwongo ni fupi, usijitie humo."

"Basi niandikeje?"

Aliniuliza kweli. Kalamu mkononi, uso umeinuka kunitazama, kwa imani ile ile ya siku zote, kana kwamba nilikuwa namsaidia sentensi kuhusu betri. Hapo ndipo moyo ulipokatika. Hakuwa na ubaya, na ningefurahi kama angekuwa nao, kwa sababu ningejua la kufanya. Alikuwa amechoka tu, na alizoea mimi ndiye wa kumnyooshea maneno.

Nikaichukua kalamu. Nikaukata ule mstari, nikaandika chini yake kwa mwandiko wangu: "Msemaji hajawahi kufika kwa wazazi wa mwandishi, wala mwandishi hajulikani kwa ndugu wa msemaji, kati yao hakuna ahadi yoyote."

"Huo hakuna atakayeupinga," nikamwambia. "Hata mama yangu akiulizwa atakuunga mkono."

Aliusoma, midomo ikitikisika. Akausoma tena.

"Unaniumiza."

"Nakuhariri."

"Usinifanyie hivyo. Nipe miezi mitatu. Kelele zipoe, watu wapate kitu kingine cha kusema, halafu baada ya..."

"Baada ya uzinduzi?"

Akashusha macho kwenye karatasi.

"Mwaka jana ulisema hivyo, ikatoka simu," nilisema. "Mwaka huu ukasema hivyo, imetoka simu. Mwakani itatoka nyingine, bwana wangu, wenzako hawachoki kutoa simu. Mimi ndiye nimechoka."

"Unadhani mimi sijachoka?" Sauti yake ilipanda kisha ikashuka njiani, haikuwa na nguvu ya kufika. "Yule mama amenibeba mgongoni. Hakuolewa kwa sababu yangu. Nikienda kumwambia nimechagua kile kile alichokataa, nitakuwa nimemwua."

"Umewahi kumwambia hata nusu?"

"Hapana."

"Sasa utajuaje kama atakufa? Pengine angenuna siku mbili, ya tatu akauliza mtoto anapenda kula nini."

"Humjui."

"Si ndiyo ninachosema? Simjui."

Akajifuta uso kwa viganja vyote viwili. "Na dawati lako je? Nikikubali mbele ya waandishi, kesho huna kazi pale. Nakulinda na wewe pia, uelewe."

"Usinilinde kwa kunikana. Ungeniuliza kwanza kama nautaka ulinzi wenyewe."

"Dawati hulitaki?"

"Nalitaka," nilisema, na nilisema kweli. "Nalitaka sana. Nimelijenga kutoka kwenye kona ambako walikuwa wanaweka miavuli. Lakini nikikaa pale kila asubuhi nikijua nimebakiziwa kwa sababu wewe ulisimama ukasema mimi si mtu wako, nitalichukia. Na wewe nitakuchukia, taratibu, bila kutaka."

"Basi unataka niseme nini saa kumi?"

"Mimi siwezi kukutungia hilo."

Aliegemeza kichwa tumboni kwangu, pale nilipokuwa nimesimama, nikaweka mkono kwenye nywele zake. Nilisubiri aseme kitu. Pumzi zake zikawa nzito, kisha zikawa za mpangilio, nikaelewa kwamba amelala. Siku ya tamko, saa chache kabla ya kuamua maisha yangu, mtu mzima amelala kwa kuniegemea. Ningeweza kumsukuma. Nilisimama vile vile mpaka miguu ikafa ganzi, nikimtazama utosi, nikijiambia kwamba pengine hii ndiyo mara ya mwisho na wala sitaki iishe.

Saa tisa kasoro kumi nikamwamsha. Nikamnyoosha kola.

"Sikiliza," nikamwambia. "Nakupenda. Uingie pale ukijua hivyo. Ukiusoma ule mstari nitaelewa umechagua, wala sitapiga kelele, sitakutukana, sitakusema kwa mtu. Ila nyumbani kwangu usirudi."

Aliikunja karatasi mara nne, akairudisha mfukoni. Mlangoni aligeuka.

"Utaangalia?"

"Ni kazi yangu kuangalia."

Saa kumi kamili chumba cha habari chote kilisimama chini ya runinga, wakijifanya kila mmoja anatafuta kitu. Mwenzangu wa dawati la michezo, ambaye tunamwita Jezi, alipandisha sauti kisha akaniangalia kama ananiomba ruhusa. Nikaitikia kwa kichwa kwamba aiache hivyo.

Akatokea. Walikuwa wamempa koti la kuazima, mikono imemzidi. Alizungumza kwanza juu ya foleni, juu ya shukrani za kampuni kwa wateja, juu ya malalamiko ya simu kupata moto mfukoni. Halafu akatoa karatasi ile. Akasoma "nyumbani kwa mwandishi". Akasoma "uchovu". Waandishi wakacheka kidogo, naye akatabasamu kama ilivyompasa.

Alipofika mwisho aliacha kusoma. Aliinua macho, akatazama kamera, na kwa nukta chache nilimwona yule wa sebuleni kwangu. Nilisahau watu wote waliokuwa wamenizunguka. Nikasema moyoni, sema, sema neno lolote, hata ukikosea.

Akainamisha macho. "Msemaji hajawahi kufika kwa wazazi wa mwandishi," alisoma, akavuta pumzi kidogo pale nilipoweka mkato, "wala mwandishi hajulikani kwa ndugu wa msemaji, kati yao hakuna ahadi yoyote."

Aliusoma vizuri, hakuruka neno. Nikatazama saa ya ukutani. Mwandishi mmoja akanyoosha mkono akauliza kuhusu betri.

Watu walituamini. Usiku haujaingia, mtandaoni walishaanza kuombana msamaha kwa niaba yetu. "Tumemwonea dada wa watu." "Jamani kazi zinachosha, hata mimi nililala kwa mteja." Yule mtangazaji wa asubuhi alinitumia pole na kicheko. Wengine walishahamia kwa bibi mmoja aliyefungua simu mpya akakuta haina tundu la chaja alilolizoea, na maneno aliyomtolea muuzaji yakawa wimbo. Msemaji naye akaniletea ujumbe: "Limepokelewa vizuri. Nipigie tafadhali." Baadaye: "Nipigie." Baadaye hakuandika kitu, alipiga tu, na mimi nikaiangalia simu ikitetemeka mezani mpaka ikanyamaza.

Nilimpigia mama.

"Nimemsikia," mama alisema. "Sauti anayo."

"Ndiyo, mama."

"Hiyo ahadi ambayo haipo, wewe ulidhani ipo?"

"Nilidhani."

Mama hakunipa methali yoyote. Alisema tu kwamba mtoto ameshaoga na amekula, nisiwe na haraka ya kumfuata.

Alhamisi nilifika kazini mapema, nikaandika mistari michache, nikaipeleka mwenyewe kwa mhariri mkuu. Katika gazeti letu kuna kijisanduku ukurasa wa pili, chini kabisa kushoto, kinaitwa Masahihisho. Ndipo tunapokiri tulipokosea: jina la mtu, tarehe, idadi ya magoli. Karibu hakuna anayekisoma, lakini kikishachapishwa kimechapishwa.

"Kabla hujaniuliza, mzee," nilisema, nikamwekea karatasi mbele.

Safari hii miwani ilikuwa machoni. Alisoma kwa sauti ya chini, kama kawaida yake.

"'Katika uchambuzi wa simu mpya tuliouchapisha Jumatatu, hatukueleza kwamba mwandishi na msemaji wa kampuni walikuwa wapenzi kwa miaka miwili. Yaliyoandikwa kuhusu simu yanabaki kama yalivyo. Uhusiano huo uliisha Jumatano, saa kumi na dakika kumi na mbili jioni.'"

Aliiweka chini.

"Mama, ungeweza kuniambia kama alivyosema yeye. Mambo yangeishia hapo."

"Najua."

"Hii ikitoka, leo hii dawati si lako."

"Najua, mzee."

"Na yeye kwao hawatamwacha."

"Najua." Nikamsogezea karatasi. "Yeye amesema yake mbele ya watu wote. Mimi nasahihisha yangu."

Alichukua kalamu nyekundu, akaipitisha juu ya maneno yangu polepole akitafuta kosa, kwa sababu ni mtu wa hivyo, hata msibani angetafuta kosa kwenye ratiba. Akasimama kwenye mstari wa mwisho.

"Hapa. Mkutano ulianza saa kumi kamili. Hizi dakika kumi na mbili umezitoa wapi?"

"Ule mstari aliufikia saa kumi na dakika kumi na mbili. Niliangalia saa."

Kalamu ikabaki hewani. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena, asinitazame.

"Mwishoni huwa tunaweka 'Tunaomba radhi'," alisema taratibu. "Niweke tunamwomba nani?"

"Wasomaji," nilisema. "Wasomaji peke yao."